Maneno ya Mama Theodora

Kwa miaka thelathini Bi Balqees aliingia kwenye tamthilia kwa mlango wa jikoni. Alipokuwa msichana alicheza yaya. Alipokomaa akawa mpishi, na mvi zilipoanza kuchungulia wakamfanya mtumishi wa siku nyingi, yule anayejua siri zote za nyumba na haulizwi kitu. Alibeba masinia ya chai mbele ya mabibi wa kila namna, akasema "Naam, bibi," akageuka, akatoka. Watu wa Maskati walimjua sura bila kumjua jina. Akiwa dukani mtu angemtazama, akunje uso kutafuta amemwona wapi, kisha aseme kwa furaha, "Wewe si yule wa sinia?"

Si kwamba kipaji kilimpungukia. Wazee wake walitoka Oman wakaenda Unguja, wakaoa huko na kuzaa huko, na waliporudi Maskati walirudi weusi, na Kiswahili mdomoni. Wasichana walioanza kazi pamoja naye, weupe kuliko yeye, waligeuka mabibi wa nyumba katika hadithi zile zile alizokuwa akiingia na kutoka. Bi Balqees hakugombana na mtu. Alijifunza tu kutoka chumbani polepole, ili kamera ikae naye kidogo zaidi.

Basi asubuhi moja ya Disemba, akiwa kwenye kahawa yake ya kwanza nyumbani kwake katika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, simu ililia. Alikuwa mwanamke wa kamati ya tuzo inayowaenzi waigizaji wanawake weusi wa tamthilia za televisheni. Kila mwaka tuzo hiyo hutolewa katika mji tofauti, alisema, na safari hii ni Maskati, Januari, katika hoteli moja ya Qurum. Mwigizaji bora wa mwaka alikuwa Bi Balqees, kwa kumcheza Saada.

Saada naye alikuwa mtumishi. Lakini alikuwa mtumishi mwenye jina, mwenye kwao, na katika tamthilia ya Ramadhani iliyopita alionekana kila siku tangu mwezi mosi mpaka Idi. Kamati ilitaja hasa sehemu ya kumi na moja, pale Saada anapopokea simu jikoni na kuambiwa mama yake amefariki. Kipande kile kilizunguka kwenye simu za watu kutoka Salala mpaka Dar es Salaam.

Rawan, bintiye, alipiga kigelegele hadi mama yake Bi Balqees, Bi Hajar, mwenye miaka themanini na sita, akashtuka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Bibi! Mama kapata tuzo! Ya waigizaji weusi!"

Bi Hajar akamtazama bintiye kutoka juu mpaka chini. "Hao ndo kwanza leo wameona kama yeye mweusi?"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Haikupita saa, akapiga simu Kawthar, binti wa ami yake Bi Balqees, naye hakucheka.

"Tuzo sawa, dada, hongera, mabruki. Lakini hilo jina lake. Weusi! Watu watasema sisi si Waarabu."

"Kawthar," Bi Balqees alimjibu, "miaka thelathini wananipa sinia kwa weusi wangu na hukuniambia neno. Leo wananipa tuzo kwa weusi ule ule, ndo jina limekuwa baya?"

Kawthar akauliza nguo ya siku hiyo itakuwa rangi gani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Bi Balqees alipokwenda jikoni kurudisha kikombe. Stefania alikuwa anakata bamia. Alikuwa mwanamke wa Muleba, mkoani Kagera, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika nyumba hii, akimtunza Bi Hajar: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, kumsikiliza.

"Hongera sana, mama," alisema Stefania. Hakuinua uso. Kisu hakikusimama.

"Ahsante," alisema Bi Balqees, akaweka kikombe bila kumtazama. Maana kile kilio ambacho watu walikuwa wanampa tuzo hakikuwa chake. Kilitoka kwenye jiko hili hili, na mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake akikata bamia.

Ilikuwa hivi. Januari iliyopita walikuwa wanarekodi tamthilia ile katika ghala moja kule Rusayl, ndani wamejenga nyumba ya mbao na kitambaa. Alasiri moja Bi Balqees alirudi mapema, akapitia mlango wa uani, akamsikia Stefania jikoni anazungumza na simu. Kitu katika sauti ile kilimsimamisha. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Akamwona Stefania amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu ameibana kwa bega, mikononi ana kitambaa cha kufutia vyombo. Alikuwa anakikunja. Mara mbili, mara nne, mara nane, kila mara kikiwa kidogo zaidi, na kila kunjo akilipiga pasi kwa kiganja. Hakulia. Alisikiliza muda mrefu, kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetuma mtoto dukani:

"Mfunikeni vizuri. Alikuwa anaogopa baridi."

Mama yake alikuwa amekufa asubuhi ile.

Bi Balqees alirudi nyuma, akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Stefania alikuja kumwambia msiba, akaomba kwenda kuzika. Bi Balqees akampa pole, akamshika mkono, kisha akasema maneno ambayo tangu siku hiyo alikuwa akiyazunguka kama mtu anayezunguka shimo:

"Subiri wiki mbili tu, Stefania. Tumalize kurekodi. Nani atamtazama Bibi?"

"Sawa, mama."

Kule Muleba hawakuweza kungoja wiki mbili. Walizika baada ya siku tatu. Kazi ya Rusayl ilipokwisha Bi Balqees alimpa tiketi, na Stefania akasema wameshazika, akafanye nini? Atakwenda wakati wa likizo yake.

Na katikati ya wiki mbili hizo ndipo zamu ya sehemu ya kumi na moja ilipofika. Muswada ulitaka Saada apige ukelele, aanguke, avue mtandio. Bi Balqees alimwomba mwongozaji amwache ajaribu vingine. Akapindua ndoo, akakaa, akachukua kitambaa cha vyombo, akakunja. Kisha akayasema maneno yale kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiarabu yalikataa kutoka. Mwongozaji hakusema "kata" mpaka mshika taa alipoanza kupenga kamasi.

Siku ile alirudi nyumbani na fahari kubwa. Aibu ilikuja baadaye, wakati wa Ramadhani, kipande kilipoanza kuzunguka, na ilipokuja haikuondoka. Alijipa moyo kwamba Stefania hatazami tamthilia za Kiarabu. Hakumwuliza. Alimwongezea siku za mapumziko, akamnunulia simu mpya, na kila alipompa kitu alijiona mdogo zaidi. Miaka thelathini amebeba masinia kwenye televisheni, na nyumbani kwake kulikuwa na mtu anayembebea.

Siku ya tatu baada ya simu ya tuzo, kamati ilituma barua. Wataonyesha sehemu ya kumi na moja ukumbini, na wangependa mshindi aandike maneno machache: tukio lile alilipataje? Rawan alikaa na kompyuta yake, vidole tayari.

"Haya, mama. Sema, ntaandika."

"Andika kwamba nilifikiri sana."

Rawan akaandika. Bi Balqees akaitazama sentensi ile kwenye kioo, nyeupe na safi na ya uongo.

"Ifute," alisema.

"Niweke nini?"

"Ifute tu, mwanangu. Kuna mtu nataka kuzungumza naye kwanza."

Ijumaa, siku ya mapumziko Maskati, ndiyo siku ya Stefania ya kwenda kanisani Ruwi. Kwa kawaida alikwenda na Nabatanzi, Mganda aliyefanya kazi nyumba ya pili, wakichangia teksi. Ijumaa hiyo Bi Balqees alimkuta mlangoni amevaa gauni lake la kitenge, akamwambia, "Leo ntakupeleka mimi." Stefania akafungua mlango wa nyuma wa gari kama alivyozoea.

"Kaa mbele, Stefania."

Wakashika barabara kubwa. Hali ya hewa ilikuwa ile ya Disemba ambayo watu wa Maskati huisubiri mwaka mzima, vioo vimeteremshwa, majabali yameoshwa na jua changa. Bi Balqees alikuwa amejitungia hotuba na sasa yote ilikuwa imemkimbia.

"Stefania, kuna kitu nnataka kukwambia, na sijui nianzie wapi."

"Anzia mwanzo, mama."

"Yale maneno ya Saada. Kwenye ile sehemu ya..."

"Ya mama yangu," alisema Stefania. Alikuwa anatazama mbele. "Nimeyaona."

Gari likayumba kidogo. "Lini?"

"Ramadhani ile ile. Nabatanzi alinionyesha kwenye simu, tukiwa nje ya kanisa. Hakujua. Aliniambia, 'Tazama huyu mama anavyojua kulia kama sisi.' Nikatazama. Nikaona ndoo, nikaona kitambaa. Nikamrudishia simu yake, nikaingia kwenye misa, nikaimba nyimbo zote."

Bi Balqees aliwasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akasimamisha gari mbele ya maduka yaliyofungwa kwa Ijumaa. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Ulikasirika."

"Nilifunga begi, mama. Siku mbili lilikaa limefungwa chini ya kitanda. Lakini sikukasirika kwa sababu ya maneno." Stefania alitafuta jinsi ya kulisema, akalipata. "Nilikuwa nimejiambia kwamba hukusikia. Nilijiambia, mama hakuwepo, hajui ilivyokuwa, ndiyo maana ameniambia nisubiri. Hiyo ilinisaidia. Niliweza kukaa na wewe nyumba moja. Sasa naona kwenye simu kumbe ulikuwa umesikia kila kitu. Ulisikia, na bado ukaniambia nisubiri."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa. Miezi yote ile Bi Balqees alikuwa anaogopa kuitwa mwizi wa maneno, na kumbe kosa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko hilo na la zamani zaidi. Machozi yalimlenga lakini aliyazuia. Aliona haya kulia mbele ya mtu ambaye hakulia.

"Nilisikia," alisema. "Nilisimama nyuma ya mlango, nikasikia kila neno. Kisha nikazunguka nikaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni. Na nilikwambia usubiri kwa sababu niliogopa. Miaka thelathini nilikuwa nangojea kupewa mtu wa kumcheza, nikaona nikikosa siku tatu watampa mwengine. Nikamweka Saada mbele yako wewe. Sikwambii haya ili unionee huruma. Ndivyo ilivyokuwa. Nimekukosea, Stefania, nisamehe."

Paka alipita mbele ya gari, akakaa, akajilamba, akaondoka. Halafu Stefania akavuta pumzi ndefu, akaishusha, na mabega yake yakashuka nayo.

"Basi," alisema. "Nilikuwa nangoja useme. Miezi tisa nangoja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa, na ukikataa ningelazimika kuondoka. Nami sikutaka kuondoka. Nampenda Bibi." Akafikiri. "Na tena, mama, mambo hayakuwa upande mmoja. Kule nyumbani walinisema sana kwa kutokuja kuzika. Kwamba nimekuwa na moyo mgumu, nimesahau mama kwa sababu ya Uarabuni. Kaka yangu Gabrieli alipokiona kile kipande alikusanya watu sebuleni akawaonyesha. Kiarabu hawajui, lakini hayo maneno waliyaelewa. Gabrieli akasema, 'Haya ni ya Stefania. Ndiye aliyeniambia mimi kwenye simu.' Shangazi ambaye alikuwa hataki hata kunisalimia alinipigia siku hiyo hiyo. Kwa hiyo umenikosea, na umenisaidia. Nikawa sijui nikuweke wapi."

"Na sasa?"

"Sasa umesema. Nimepata pa kukuweka."

Bi Balqees akacheka na machozi yakatoka hapo hapo, yote kwa pamoja, na Stefania akafungua mkoba akampa karatasi ya kujifutia.

"Ukisema nisiipokee hiyo tuzo, sipokei."

"Mama, usinibebeshe na hilo tena," alisema Stefania. "Ipokee. Saada umemcheza vizuri. Lakini nataka mambo mawili. Jina la mama yangu litajwe. Aliitwa Theodora. Watu wanasema maneno ya Saada, maneno ya Saada, hakuna Saada. Na la pili, nataka kwenda. Januari ni mwaka. Gabrieli ametengeneza msalaba wa kaburi na Padri ametupa tarehe ya misa. Tarehe kumi na sita."

Bi Balqees alijua sherehe ni tarehe ngapi bila kutazama popote. Kumi na sita.

Yale yale, tena. Kazi yake upande huu, kaburi la Muleba upande ule, na katikati mama yake mzee kwenye kiti cha magurudumu. Ila safari hii, aliposikia tarehe ile, hakuona kitu cha kuchagua, na hilo lenyewe lilimshangaza. Alisikia wepesi, kama aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana tangu asubuhi.

"Nenda," alisema. "Nenda mwezi mzima. Kesho tunakata tiketi."

"Na Bibi? Si ndiyo siku ya..."

"Bibi ni mama yangu mimi. Atakwenda na mimi."

"Ukumbini?"

"Ukumbini. Kama hawataki kiti cha magurudumu, tutarudi wote wawili."

Alimfikisha Ruwi misa ikiwa imeshaanza. Nabatanzi alikuwa amesimama langoni akimsubiri mwenzake, akamwona anashuka kutoka kiti cha mbele, akapanua macho. Stefania alimshika mkono wakaingia.

Jioni ile Bi Balqees alimweleza Rawan kila kitu. Rawan akafungua kompyuta. Safari hii Bi Balqees hakusita. Andika, alisema, kwamba tukio lile sikulitunga. Andika kwamba kitambaa, ndoo na maneno ni vya Stefania wa Muleba, anayemlea mama yangu, siku aliyofiwa na mama yake, Theodora. Andika kwamba nilimsikia kwa siri na nikatumia bila ruhusa, na kwamba nilimzuia kwenda kuzika. Ruhusa amenipa Ijumaa hii. Ikiwa hilo linabadilisha uamuzi wenu, nnaelewa.

"Mama, hilo la mwisho la kumzuia, lazima?"

"Lazima."

Rawan alituma. Siku nne hapakuja jibu. Bi Balqees alijiandaa kwa lolote. Aliwaza nguo iliyokwisha kushonwa Qurum, ya rangi ya zabibu, ambayo Kawthar aliikubali, na akajiambia ataivaa kwenye harusi ya mtu. La ajabu ni kwamba siku nne hizo alikula vizuri. Alikaa jikoni na Stefania wakichambua mchele, akamwuliza habari za Theodora, akasikia jinsi alivyokuwa akilima vanila na kugombana na kuku wa jirani, na jinsi alivyokuwa akivaa sweta mbili hata wakati wa jua.

Siku ya tano jibu likaja. Lilikuwa fupi. Kamati inashukuru kwa kuambiwa ukweli. Inapenda kuuliza kitu kimoja: jina la mama huyo na la binti yake yaandikwe vipi kwenye skrini, ili yasikosewe?

Bi Balqees alilisoma mara tatu, akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, na kumwita Stefania aje aandike mwenyewe.

Tarehe kumi na mbili alimpeleka uwanja wa ndege. Mabegi ya Stefania yalikuwa yamejaa shuka, tende na halua, na moja lilikuwa na blanketi zito la sufi alilopewa na Bi Hajar, ambaye hakuna aliyejua kama ameelewa linakwenda wapi. Kabla ya kuingia ndani Stefania alitoa maagizo: Bibi anamezea dawa kwa uji si kwa maji, ukimgeuza anza na bega la kushoto, akikataa kuoga mwimbie. "Nimwimbie nini?" aliuliza Bi Balqees. "Chochote. Anapenda kukusahihisha."

Siku nne zile zilimfundisha Bi Balqees mambo ambayo miaka thelathini ya kucheza watumishi haikumfundisha. Mgongo ulimwuma. Alimwagikiwa na uji. Bi Hajar alimwambia waziwazi kwamba mkono wake ni mzito, na kwamba yule msichana mwengine anajua kazi. "Nnajua, mama," Bi Balqees alimjibu. "Anajua."

Ukumbi wa Qurum ulikuwa umejaa wanawake weusi waliovaa kama malkia, wametoka nchi ambazo Bi Balqees aliziona tu kwenye ramani. Aliwatazama na kuona kitu alichokijua: jinsi walivyotembea taratibu kwenye zulia, kama watu waliozoea kunyimwa muda na sasa wanautumia. Mwigizaji mmoja kutoka Brazili, mwenye mvi tupu, alimwonyesha kwa ishara kwamba na yeye amebeba masinia, mengi, mengi sana, na wakashikana mikono bila lugha.

Walipoonyesha sehemu ya kumi na moja, chini ya picha yaliandikwa maneno kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili: *Maneno ya kilio hiki ni ya Stefania, kwa mama yake, Theodora wa Muleba.* Kisha jina la mshindi likaitwa. Rawan akabaki na kiti cha Bibi, na Bi Balqees akapanda.

Hakuwa ameandika hotuba. Alisema kwa Kiarabu kwamba amecheza watumishi maisha yake yote, na kwamba aliwahi kulalamika moyoni kuwa anapewa mtu asiye na jina. "Halafu nikapata mwenye jina," alisema, "na nikamsahau mwenye jina la kweli, aliyekuwa jikoni kwangu. Leo yuko kwao, kwenye misa ya mwaka ya mama yake. Ndipo anapostahili kuwa. Nnamshukuru kwa..."

"Sema kwa nguvu, mtoto! Hatusikii huku!" ilipaa sauti ya Bi Hajar kutoka nyuma, kwa Kiswahili, na waliokielewa wakaangua kicheko, na wasiokielewa wakacheka pia kwa sababu ilikuwa sauti ya mama, nayo haihitaji mkalimani.

Bi Balqees akasogea kwenye kipaza sauti. "Stefania," alisema kwa Kiswahili, kwa nguvu. "Binti wa Theodora. Ahsante." Ukumbi mzima ukasimama. Makofi yalikuwa marefu, naye aliyapokea bila kuinamisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata Stefania alipiga simu. Muleba mvua ilikuwa inanyesha na ilibidi apaze sauti. Misa ilijaa, alisema. Msalaba umesimama. Blanketi amempa shangazi, yule yule. Na amelia, mama, amelia kweli, mbele ya watu wote, mpaka Gabrieli akamshika, na baadaye alilala saa kumi na moja mfululizo.

"Bibi amekula?"

"Amekula. Amenitukana kwanza."

Stefania akacheka. "Narudi tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Lakini nikirudi, mama, tuzungumze habari ya likizo. Kila mwaka, na iandikwe kwenye mkataba."

"Njoo na kalamu," alisema Bi Balqees.

Alipokata simu alimfunga mama yake mtandio, akasogeza kiti chake dirishani penye jua, akawasha televisheni kwa sauti ya chini, akajinyoosha kwenye kochi kwa dakika tano tu. Rawan aliporudi kutoka dukani alimkuta amelala fofofo, mdomo wazi, saa tano ya asubuhi, jambo ambalo halikupata kutokea. Simu yake ilikuwa inalia: Kawthar, kisha gazeti, kisha Kawthar tena. Bi Hajar alinyoosha mkono, akaichukua kutoka mezani, akaiweka sikioni kichwa chini.

"Kalala," alisema. "Mwacheni."